Mama Miguu na Mguu wa Baba Yake

Ko!

Hiyo ndiyo sauti ambayo binti alikua akiisikia: mti ukipiga sakafu ya saruji, mara moja tu, nyuma ya mlango wa chumba cha wazazi. Baba amerudi kutoka kazini. Amekaa kitandani, amefungua mikanda, ameuvua mguu wake wa bandia na kuutupa chini. Sebuleni watoto wakanyamaza. Mama akainuka bila neno, akachukua beseni la maji ya vuguvugu na kitambaa safi, akaingia na kuurudisha mlango nyuma yake. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kucheka kwa sauti mpaka chakula kiive.

Mguu wenyewe ulikuwa wa mti mzito, juu yake pameshonwa kikombe cha ngozi ambamo kigutu cha baba kilitakiwa kukaa. Kilikaa, lakini kwa vita. Baba alikuwa dereva, lori lilimlalia barabarani, madaktari wakamkata chini ya goti. Hayo yalitokea binti hajazaliwa, kwa hiyo hakuwa na ugomvi na lori. Ugomvi wake ulikuwa na fundi. Yupo mtu, aliwaza tangu akiwa mdogo, aliyekichonga kitu hiki, akaona kinamtoa mwenzake damu, akamwambia "utazoea," kisha akaenda zake kulala usingizi mnono. Mtu huyo hakuwahi kumwona. Alimchukia hivyohivyo, kama watoto wengine wanavyoliogopa zimwi.

Siku hizi mtaani wanamwita Mama Miguu. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili, na kucha ambazo hazitoki unga wa plasta hata azisugue kwa jiwe. Anafanya kazi katika karakana ya viungo bandia, jengo refu la mabati nyuma ya hospitali. Anafunga vigutu kwa bandeji ya plasta, anatoa kalibu, anapika plastiki kwenye tanuri mpaka ilainike kama unga uliokandwa, anaivisha kalibu, anakata, anapiga msasa. Mtu aliyeingia kwa magongo hutoka kwa miguu yake. Jina la Mama Miguu walilitunga kwa utani, yeye akalipokea kwa kiburi.

Baba yake hakulipokea.

"Nilikupeleka chuo usome uinjinia wa madaraja," alimwambia siku ile aliporudi nyumbani, mwaka wa pili wa masomo, kutangaza kwamba anahamia ufundi wa viungo. "Ukaona haifai. Umeona bora magongo."

"Na mguu ni daraja, baba."

"Usinichezee maneno. Mimi siyo mwalimu wako wa mashairi."

"Sichezi. Nimeshaandikishwa."

"Basi ukajiandikishe na baba mwingine."

Hawakusemeshana muda mrefu. Mama alikuwa katikati, akibeba salamu huku na huku kama mtu anayevusha makaa kwa kiganja, mpaka alipofariki, naye akawa ameondoka bila kuwapatanisha. Walisemeshana tena kwenye matanga yake, kwa sababu haikuwezekana kuzika bila kusemeshana. Lakini jambo moja lilibaki palepale. Mzee hakukubali binti yake akitazame kigutu chake, sembuse kukishika. Nusu ya wazee wa mtaa ule wenye miguu bandia walitembelea miguu ya Mama Miguu. Baba yake alitembelea mti.

"Hasira hasara, mwanangu," shangazi yake alikuwa akimwambia. Huyu alikuwa dada wa baba, mjane, aliyehamia kwa mzee kumwangalia baada ya msiba.

"Mimi imenipa kazi, shangazi," Mama Miguu alijibu.

Na ulikuwa ukweli. Mwalimu wa sekondari iliyo jirani na karakana alipomwalika azungumze na wanafunzi wanaokaribia kumaliza, alimwomba awaeleze alivyopata wito wake. Mama Miguu alisimama mbele ya ubao, akawatazama wale watoto waliopigiwa pasi mpaka soksi.

"Mimi sikupata wito," alisema. "Sikusikia sauti ya mtu ikiniita. Nilisikia mguu ukitupwa chini, nikakasirika, na bado nimekasirika. Kila asubuhi naingia karakana nikiwa na ghadhabu na mtu mmoja aliyefanya kazi ovyo. Watu watawaambia mtafute kazi mnayoipenda. Sawa. Lakini tazameni pia ni kitu gani hapa duniani kinawachefua mpaka hamlali, halafu nendeni mkakae nacho."

Mwalimu alikohoa. Darasa zima lilikuwa macho. Msichana mmoja wa nyuma, kidevu juu ya dawati, akauliza bila hata kunyoosha mkono:

"Na siku hasira ikiisha, mama, utafanya nini?"

Wenzake walicheka. Mama Miguu naye alicheka, akasema haitaisha, msiwe na wasiwasi. Lakini njia nzima ya kurudi karakana swali lile lilimfuata kama mbwa asiye na mwenyewe.

Alimsimulia Babu Tupa. Huyo ndiye aliyemfundisha kazi, mzee mwembamba aliyeitwa hivyo kwa sababu tupa yake ya kusugulia plastiki haikumtoka mkononi, hata chai aliinywa akiwa ameishika. Babu Tupa hakuwa mtu wa maneno. Sheria yake ilikuwa moja, na aliirudia kwa kila mwanafunzi mpaka wakawa wanamwigiza: kabla hujagusa futi ya kupimia, muulize mtu panauma wapi, kisha unyamaze. Usimsaidie kujibu. Usimwonyeshe. Mwache atafute mwenyewe, hata akae kimya mpaka uone haya. Kigutu hubadilika, hukonda, huvimba, hukomaa. Aliyekupa jibu jana siye utakayemvisha leo.

"Huyo mtoto kakuuliza swali zuri," Babu Tupa alisema, akipuliza unga kwenye tupa. "Usimjibu haraka."

"Babu nawe! Umekuwa upande wao?"

"Mimi niko upande wa chai yangu."

Mwaka huo mti wa baba ulianza kupasuka. Shangazi alikuja karakana mwenyewe, amejifunga kanga vizuri kama anayekwenda kushtaki. Akamwita mpwa wake pembeni.

"Kaka yangu anaoza, mama. Kidonda kimefunguka tena pale mbele. Nikisema hospitali, ananikata jicho. Nikisema wewe, ndiyo kabisa, anageukia ukuta."

Mama Miguu alisikia damu ikimpanda mpaka kwenye masikio. "Ananifanyia nini huyu mzee? Nivishe mji mzima, yeye anifie kwa kidonda, watu waseme nini?"

"Mimi nimeleta habari. Usinifokee mimi."

"Basi nisaidie. Nitolee ule mguu mara moja tu. Mwambie mikanda imelegea, unaupeleka kwa fundi viatu."

Shangazi alimtazama sana. Kisha akasema, "Haya," kwa sauti ya mtu anayejua anafanya kosa na amechoka kufanya mema.

Mti ukaja umefungwa kwenye gunia. Mama Miguu aliuweka juu ya meza yake. Hakuwahi kuushika tangu azaliwe. Aliuchunguza, akautukana kimyakimya, kisha akamimina plasta ndani ya kile kikombe cha ngozi mpaka kikajaa. Plasta ilipokauka aliitoa, na hapo akawa na umbo la kigutu cha baba yake, jeupe, mkononi. Ndivyo alivyoamini. Alifanya kazi siku nyingi kwa meno yaliyobanana. Plastiki nyepesi, kifundo kizuri, wayo unaopokea hatua. Alikwangua, akapiga msasa mpaka ukang'aa. Babu Tupa alipita mara moja, akautazama mguu, akautazama uso wake.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Ulimuuliza?"

"Babu, huyu simuulizi. Huyu namshinda."

Babu Tupa aliondoka na chai yake.

Aliupeleka baada ya chakula cha mchana, siku ya mapumziko, mzee akiwa ameshiba na yuko sebuleni kwenye kiti chake cha mikono, magongo ubavuni. Aliuweka mezani, katikati ya vyombo ambavyo havijatolewa. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Maneno yake alikuwa ameyapanga kama mawe. Lakini mzee aliutazama mguu kimya, akaugeuza, akapitisha kidole gumba ukingoni.

"Kazi yako hii?"

"Kazi yangu."

"Mwepesi," alisema mzee. Akamgeukia dada yake. "Nishikie hapa, nivae."

Shangazi nusura aangushe sahani. Mzee alivaa mwenyewe, amempa binti mgongo. Akasimama. Akapiga hatua, akapiga nyingine, akafika mlangoni, akageuka, na kwa muda mfupi kabisa uso wake ulikuwa uso wa dereva anayejaribu gari jipya. Mama Miguu alihisi kifua kikimfunguka. Nimeshinda, alisema moyoni.

Njiani kurudi kitini mzee alisimama. Aliikaza midomo. Alimalizia kwa kuburura, akakaa kwa kishindo, akafungua mikanda.

Mguu ukatua chini. Plastiki hailii kama mti, lakini nyumba nzima ilinyamaza vilevile.

"Palepale," alisema mzee. "Panauma palepale pa zamani. Ulinipima wapi wewe?"

Shangazi aliangalia dirishani.

"Nimeuliza. Mguu wangu ulikwenda kwa fundi viatu, siyo? Fundi viatu!" Alicheka kicheko kikavu. "Umeninakilia mti. Umemchukua adui yangu, umempaka rangi, umeniletea mezani nimshukuru."

Hapo ndipo Mama Miguu alipoliona. Ile plasta haikuwa kigutu cha baba yake. Ilikuwa tundu alilolichonga yule fundi, pamoja na kosa lake lote, na yeye amelifuata kwa uaminifu, ukingo kwa ukingo, akalipiga na msasa. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza asingefanya hivyo. Aibu ilimwaka, na kwa kuwa hakujua pa kuiweka, akaigeuza kelele.

"Ningekupima wapi? Uliwahi kunipa? Watu wanatoka mbali kuja kwangu, baba, wanapanga foleni, wewe ukaona bora kuoza! Miaka yote umeniona takataka!"

"Nani kasema takataka?"

"Wewe! Magongo, ulisema. Ufundi wa magongo!"

"Nilisema." Mzee aliupiga mkono wa kiti. "Nilisema, na nina sababu! Mama yako aliinama mbele ya kigutu hiki kila jioni mpaka mgongo ukamgoma. Kitambaa, beseni, kitambaa, beseni. Unadhani nilikuwa sioni? Nikatupa mguu chini kwa hasira, naye akaja ameinama. Nikaapa: binti yangu huyu atasimama juu ya madaraja. Hatainama mbele ya kigutu cha mwanamume yeyote. Na wewe ukaenda kuinama mbele ya vigutu vya mji mzima, halafu unataka nikupongeze!"

"Mimi siyo mama!"

"Najua siyo. Mama yako aliuliza kwanza."

Shangazi alikusanya sahani, akatoka nazo, mlango ukabaki wazi. Jikoni maji yalifunguliwa, yakafungwa.

Mama Miguu alibaki amesimama, akihema. Hasira ilikuwepo, yote, hakuna hata punje iliyopungua; aliisikia mpaka kwenye ncha za vidole. Ila sasa haikuwa na mtu wa kuielekea. Yule fundi wa zamani hakuwa zimwi. Alikuwa mtu mwenye haraka, mwenye uhakika, aliyeshika futi kabla ya kuuliza. Alimfahamu vizuri sana. Leo alikuwa amevaa nguo za Mama Miguu.

Mzee alikuwa amegeuzia uso ukutani. Suruali yake ilikuwa imekunjwa bado juu ya goti, na kigutu kilikuwa wazi, chembamba kuliko alivyodhani, chenye kovu la rangi ya kutu na kidonda kidogo mbele, kinachong'aa. Kwa umri wake wote hakuwa amewahi kukiona.

Aliuokota mguu mpya, akauweka mbali, nyuma ya mlango. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya baba yake, mikono juu ya magoti yake mwenyewe, hakugusa kitu. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo mno, hata aliye jikoni asingeisikia.

"Baba. Panauma wapi?"