Sauti ya Daku Baada ya Idi

Mwanangu, kuna adhuhuri moja ya mtaa wa Lindi, kule Kibera, ambayo haijanitoka masikioni. Ramadhani ilikuwa imekwisha, watu wanakula mchana kweupe, mara simu za ploti nzima zikaita kwa sauti moja: "Amkeni, daku! Amkeni, waungwana!" Mwenye sauti hiyo tulikuwa tumemzika wiki moja kabla. Hakuna aliyemaliza sahani yake.

Sauti ilitoka kwenye app ya kuamsha watu daku, na app ile ilikuwa yetu. Mimi, niliyeachia shule darasa la sita nikajifunza programu kwa simu iliyopasuka kioo, na leo nina ofisi Kawangware na watoto wa chuo wananiita bosi, niliandika kengele mama, ile ya msingi ambayo kengele nyingine huirithi. Hiyo, kabla ya kulia, inaangalia mwezi na saa. Mwenzangu Mutiso, Mkamba wa Machakos, akaandika kengele mtoto yenye sauti ya mzee Mnubi aliyekuwa akiamsha mtaa kwa ngoma. Amri ya mama ya kulia akaifunika na yake, ndiyo tunaita ku-override, bila kuiita ya mama kwanza. Basi mtoto hakujua mwezi wala saa. Simu ikipata mtandao tu, mzee anaita, na adhuhuri ile mtandao ulirudi mtaani kwa mpigo. Tena protokali, ule mkataba ndani ya programu, ilidai kila kengele iwe na amri ya kunyamaza. Mutiso akaandika jina la amri, ndani akaacha tupu. Mashine ikaona jina, ikaridhika. Unabonyeza kuzima, mzee anaendelea.

Tukaitwa kwa mjane wake, Habuba, ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi. Simu yake ilikuwa ya vibonye tu. Mumewe alimfikia kutoka simu za majirani, kupitia kuta za mabati, kushoto, kisha kulia, kisha nyuma ya kitanda. Alikuwa ameshafunga nguo kwenye shuka, anahama nyumba aliyoolewa, na eda yake ya kukaa ndani haijafika popote. Mutiso alianza kumweleza habari za mtandao, Habuba akamkatiza taratibu.

"Mmemfundisha kuita, hamkumfundisha kunyamaza. Sasa atapumzika wapi?"

Tukakaa pale mlangoni na laptop, tukaiita ya mama kwanza, tukajaza ule utupu, tukatuma kwa simu zote. Sauti ikapotea nyumba moja moja, kama mtu anayetembea kwenda mbali. Habuba alisikiliza mpaka ya mwisho, kisha akafungua fundo la shuka.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujafunika amri ya mama, uliza ilikuwa inalinda nini, kisha iite. Na ukiahidi jina kwenye protokali, weka kitu ndani. Mashine inakagua jina tu. Utupu wake utasikiwa na mtu nyumbani kwake. Mungu akubariki mikono, na kila utakachokiamsha, akujalie kukilaza.