Redio ya Kusikiliza Mtu Mmoja

Nikisema kwamba nilisomea redio Kindu wakati wa Wabelgiji, vijana hunitazama kama mzee anayeongeza chumvi. Masomo yalikuwapo. Neno elektroniki hatukuwa nalo, hilo lilikuja baadaye. Shule yetu ya ufundi ilikuwa upande wa reli, jirani na karakana za treni, na tulipofika mwaka wa tatu tuligawanywa. Wengi walipelekwa umeme mkubwa, yaani mota, majenereta na winchi za bandarini. Sisi wachache tukapewa umeme mdogo: simu za stesheni, ishara za reli, na redio. Wenzetu wa umeme mkubwa walitucheka wakashiba. Walisema tunasomea umeme usioweza kuua hata nzi.

Mimi niliupenda. Niliipenda harufu ya bati linapoyeyuka kwenye waya, na taa za redio, zile chupa ndogo za kioo ambazo ndani yake kuna uzi unaoiva polepole. Mwalimu wetu, Mbelgiji mrefu asiye na maneno mengi, hakukubali uguse chuma cha kulehemu kabla hujachora ubaoni njia yote ya umeme, kutoka kichwani, bila kutazama popote. Tena mkono wa kushoto ulipaswa kukaa mfukoni kila unapochokoa redio inayowaka, ili umeme ukikupata usipite kifuani kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mpaka leo nikisogelea soketi ya ukutani mkono wangu wa kushoto hukimbilia mfukoni. Mke wangu huniuliza ninaficha nini.

Nyumbani kwetu kulikuwa ng'ambo ya mto, kwenye njia ya kwenda Kailo. Kila Jumamosi nilivuka Lualaba kwa mtumbwi, nikalala kwa mama, na Jumatatu alfajiri nikarudi shule. Baba alikuwa amefariki zamani. Nyumba ilikuwa ya mama peke yake, kwa sababu dada yangu, mtoto wa kwanza, aliyenibeba mgongoni hadi miguu yangu ikaburuta chini, alikuwa ameolewa na kupelekwa Katanga, ambako mume wake alipata kazi ya uashi.

Sijui kama ninaweza kueleza jinsi mama alivyomkosa mtoto huyo. Hakulia mbele ya watu. Lakini treni ya Katanga ilipopiga filimbi upande wa pili wa mto, mchi wake ulisimama hewani, akasikiliza mpaka filimbi iishe, ndipo akaendelea kutwanga. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, aliipika ya watu watatu ingawa tulikuwa wawili. Nilipomtania kwamba ananinenepesha kama bata wa sikukuu, alisema mkono wake umezoea sufuria ile. Nami pia nilimkosa dada. Nilimkosa kwa hasira, kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake sokoni mbele ya watu wote.

Kilichozidi kumuuma mama ni kwamba hakumwona akiondoka. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Mama mkwe akimwona mkwe njiani anaingia majanini hadi apite. Hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja, na sauti ya mmoja haitakiwi kuingia katika sikio la mwingine, mpaka siku mkwe anapoleta mbuzi wa kuondoa haya. Mbuzi huyo wa kwetu alikuwa hajaletwa. Mume wa dada aliitwa kazini ghafla, akaja kumchukua mke wake asubuhi moja, akasimama naye uani akiwa ameshika masanduku. Mama alibaki jikoni, akamuaga mtoto wake kwa kupitisha vidole katika nafasi za miti ya ukuta. Dada alivishika vidole hivyo. Mimi niliona upande wa nje, mama hakuona kitu.

Tulikaa hivyo miaka bila habari ya maana, hadi jirani yetu mmoja, mchochea moto wa treni, alipotoka safari na kupitia kwetu moja kwa moja, uso ukiwa bado na masizi.

"Mama, mutoto wako nilimuona," alisema. "Iko muzima. Watu wa redio walikuja kule na mashine ya kukamata sauti, watu wasalimie ndugu zao. Yeye na bwana yake walisema. Watatoa ile sauti siku ya Mungu inayokuja, kisha ya chakula cha saa sita."

"Sauti yake mwenyewe?" mama aliuliza.

"Njo yake mwenyewe, mama. Si ya muntu mwingine." Kwetu njo ni ndiyo, au ndiye.

Mama aligeuka akanitazama. Hakuniomba. Alinitazama tu, kama unavyomtazama fundi uliyemlisha miaka yote ukingoja siku moja bomba lipasuke.

Sasa redio tungeipata wapi? Wazungu walikuwa nazo sebuleni mwao, na sebule hizo hazikuwa zetu. Kipaza sauti cha serikali kilichofungwa juu ya mlingoti kilipigwa na radi masika yaliyopita, na kikabaki kimeachama mdomo. Sisi wanafunzi tungeweza kukitengeneza kwa siku moja, lakini tuliambiwa hiyo ni mali ya serikali, tusiiguse. Nilichokuwa nacho ni kazi yangu ya kumaliza mwaka: redio ya taa mbili, ndani ya sanduku la mbao nililolipiga mwenyewe. Ilikuwa haijakamilika. Ilipiga miluzi kama birika lililosahauliwa motoni.

Wiki ile nilisoma kuliko miaka mitatu iliyotangulia. Nilifungua koili nikaizungusha upya, nikahamisha waya, nikalehemu na kubandua. Tatizo lilikuwa karakana: mota zake zilitupa cheche, na cheche zote ziliingia redioni kama mvua juu ya bati. Ijumaa nilikwenda kwa mwalimu, mkono mfukoni ingawa hakukuwa na umeme wowote hapo, nikamwambia nataka kuijaribu ng'ambo, mbali na mashine. Alitazama sanduku, akatazama uso wangu.

"Mbele weka karatasi ya chuma," alisema kwa Kifaransa. "Mbao peke yake haitoshi. Ukisogeza mkono, stesheni itakimbia." Kisha akaongeza, "Jumatatu asubuhi iwe mezani."

Chuma sikupata. Nilijiambia nitakaa tuli kama jiwe. Redio ile, mwili wa mtu ukikaribia au kuondoka, iliyumba. Ukiipata stesheni, ulipaswa kubaki hivyo hivyo ulivyo, kidole kwenye kitufe, bila kupumua kwa nguvu. Tena haikuwa na nguvu ya kipaza sauti. Ilitoa sauti ndogo tu ndani ya visikilizio vya kuvaa kichwani, vyenye waya mfupi kuliko mkono. Ilikuwa redio ya kusikiliza mtu mmoja.

Jumapili nilitandika waya wa antena kutoka dirishani hadi kwenye mpapai, nikazika mwingine kwenye udongo wa mahali mama alipomwagia maji ya kuoshea vyombo. Mama alikuwa ameoga na kuvaa kikwembe chake kizuri, kile cha harusi za watu. Alikaa kwenye kigoda wima kabisa. Nilimvisha visikilizio juu ya kitambaa, akakitoa kitambaa, nikamvisha tena. Nilizungusha kitufe polepole huku nikimtazama usoni, kwa sababu uso wake ndio ulikuwa chombo changu cha kupimia.

"Maji," alisema. "Sasa ndege. Sasa maji tena." Kisha macho yakamtoka. "Kuko muntu! Anasema Kiswahili ya kizungu."

"Njo huyo, mama. Usitikisike."

"Sitikisiki. Wewe njo unatikisika."

Mama alinisimulia kila alichosikia: mtu wa Kongolo anasalimia wajomba, mwingine anaimba vibaya, mwanamke anauliza habari ya shamba lake. Alicheka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu dada aondoke, na mimi kidole kikiwa kwenye kitufe niliona fahari ambayo cheti chochote hakikunipa baadaye. Umeme usioua nzi ulikuwa unamfanyia mama yangu kazi.

Halafu uso ukabadilika. Akasikiliza kidogo, kisha akavuta visikilizio kichwani kwa mikono miwili akavitupa mapajani kwangu kama vimewaka moto. Akajifunika kikwembe hadi usoni.

"Njo mukwe!" alinong'ona. "Mukwe iko ndani ya sikio yangu!"

Na akatoka. Alitoka kinyumenyume, ameinama, kwa adabu zote, akiliacha sanduku lile kama unavyomwachia nafasi mtu mwenye heshima zake, akaenda kuchuchumaa nyuma ya jiko akiwa ametazama migomba.

Mimi sikuliwaza hilo, nawaapia. Nilikuwa nimewaza koili, antena, betri, unyevu wa udongo. Na mkwe mwenyewe, aliyetangulia kusema kama mwenye nyumba anavyotakiwa kutangulia, hakuwaza kwamba salamu zake zitafika mahali ambapo hata kivuli chake hakikuruhusiwa kufika. Stesheni ilikuwa imekimbia mama alipoinuka. Nilivaa visikilizio, nikaisaka kwa kitufe, nikaipata. Mkwe alikuwa anamalizia. Kisha nikamsikia dada yangu.

"Mama!" niliita. "Kuja! Njo yeye sasa!"

"Bwana yake iko naye?" aliuliza kutoka nyuma ya jiko.

"Iko, lakini ananyamaza!"

"Akisema tena? Siwezi, mwanangu. Siwezi!"

Alitaka kuja. Nilisikia miguu yake ikija hatua moja na kurudi. Nami ningeinuka kumvuta, stesheni ingekimbia, na hakuna mtu duniani angesikia maneno yale. Nikabaki kama jiwe. Nikasikiliza mimi.

Dada alisema: "Mama, mimi niko muzima. Nimezaa mutoto mwanamuke, ana macho yako. Hapa kuko baridi asubuhi. Sombe ya huku haina utamu. Mama, unasikia?" Akanyamaza kidogo hapo, kama mtu anayengoja kujibiwa. Nikajibu mimi, ndani ya chumba kitupu, "Ndiyo." Wakaweka muziki wa magitaa.

Mama alirudi nilipomwambia kwamba wote wawili wamekwisha ondoka. Alikaa kwenye kigoda, macho mekundu.

"Alisema nini?"

Nikamwambia.

"Hapana. Alisema namna gani?"

Nikajaribu kusema kama dada. Mama akatikisa kichwa. Alisema mtoto wake hawezi kulitamka neno mama mbio hivyo, huwa analivuta. Nikalivuta. Alisema kwenye habari ya sombe lazima alicheka kidogo puani. Sikukumbuka kicheko, lakini nikakitia. Tuliendelea hivyo hadi jioni, yeye akinisahihisha, hadi akafumba macho na kusema, "Njo yeye."

Jumatatu redio ilikuwa mezani kwa mwalimu. Alivaa visikilizio, akazungusha, akaitikia kwa kichwa akiridhika, akaniuliza kama ilifanya kazi vizuri ng'ambo. Nikajibu kwamba ilifanya kazi vizuri sana. Nilifaulu, na nikaajiriwa kwenye simu za stesheni.

Tulingoja salamu nyingine, au mbuzi, au wao wenyewe. Ikaja depanda, yaani uhuru, ikaja vita, reli ikakatika. Ilipofunguliwa tena, yule jirani mchochea moto aliuliza kila alipofika Katanga, akaambiwa walihama, hakuna anayejua walikohamia. Hatukupata habari ya dada tena, wala ya yule mtoto mwenye macho ya mama.

Kilichobaki kwetu ni maneno yale, na mimi ndiye niliyeyashika. Mama aliyaomba alipokuwa anachambua mchele, aliyaomba nilipotoka kazini kabla sijavua viatu. Nami niliyasema alivyonifundisha, pale pa kuvuta nikavuta, pale pa kucheka nikacheka. Na nilipofika "Mama, unasikia?" alijibu kila mara, "Nasikia, mwanangu. Endelea." Hapo nilinyamaza, kwa kuwa baada ya hapo yalikuwa magitaa tu. Nilitengeneza redio za nusu ya mji huu, na sikuwahi kujua jambo la kufanya na kimya hicho. Hata sauti yenyewe ya dada imenipotea. Nikiitafuta naipata ya mama, akinisahihisha.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho alikuwa hawezi kuinua kichwa. Mchana mmoja, mvua ikiwa imetulia, aliniashiria kwa kidole, nami nikajua anataka nini. Nikakaa karibu na sikio lake nikasema yote, baridi ya asubuhi, sombe isiyo na utamu, macho ya mtoto. Nikafika pale.

"Nasikia, mwanangu," alisema. "Endelea."

Nikaendelea, kama dada. Nilisema mtoto ameanza kutembea, ameanguka na hakulia. Nilisema nimepanda mihogo nyuma ya nyumba na majani yake sasa yana utamu kidogo. Nilisema mbuzi amepatikana, tunakuja naye, utakaa na mukwe wako na mtakula pamoja. Nililivuta neno mama kila lilipokuja. Yeye alikuwa amefumba macho, anatabasamu, na kila nilipotaka kunyamaza alinigusa mkono kwa kidole.