Mwasiti azoa maji ya sabuni, mihogo ya Rumonge yalainika

Jua linachungulia juu ya milima na mawese yanachemka. Mwasiti binti Assumani amejifunga kanga kiunoni, anakoroga sufuria kubwa ya shaba kwa ubavu wa kuti la mchikichi, taratibu, upande mmoja tu. Kando yake wasaidizi wake, Zuwena na Riziki, wanaponda chumvi ya Uvinza iliyoletwa kwa mitumbwi, ile inayoifanya sabuni igande.

"Ukikoroga kwa hasira, inakatika," anasema bila kuinua macho. "Sabuni haitaki mutu wa haraka."

Kila mwenye nguo nyeupe katika mwambao huu anamjua. Sabuni yake nyeusi inafua kanzu za Ijumaa hapa Rumonge, inapanda mitumbwi hadi Uvira, na hata askari wa Wadachi huko Usumbura wanaiulizia. Idi, mumewe, alipochukuliwa na ugonjwa wa malale, sufuria hii ndiyo iliyomlisha yeye na watoto wake. Mwezi ukiwa mzuri, anatoa vipande mia tatu.

Lakini mwaka jana ilibaki kidogo sufuria hiyo ing'olewe.

Chini ya kiwanda chake kinapita kijito kinachoshuka ziwani, na humo wanawake huloweka mihogo iliyomenywa mpaka ilainike na uchungu utoke. Kiangazi kile mihogo iligoma. Ililala majini siku nenda siku rudi na bado ikawa migumu. Watu wakaanza kunong'ona uchawi, kama kawaida yetu tukiishiwa na maelezo.

Batuli, mjane anayeuza unga, hakunong'ona. Alikipanda kijito kwa miguu, kila hatua akichota maji na kuyasugua vidoleni. Yaliteleza. Hakusimama mpaka alipofika kwenye mfereji wa Mwasiti.

Sabuni hii hupikwa kwa maji makali yanayochujwa kwenye majivu ya vikonyo vya michikichi. Ikishaganda, maji hayo hubaki kwenye kitako cha sufuria, na Mwasiti alikuwa akiyamwaga kijitoni. Mihogo haichachi ndani ya maji ya majivu.

"Nilifikiri ziwa ni kubwa, litameza," Mwasiti anasema. "Kumbe mbele ya ziwa kuna watu."

Batuli hakumung'unya maneno mbele ya Radjabu, mzee wa mji. "Mzee, watoto yangu wanalala njaa sababu ya povu ya huyu," alisema. "Mihogo iko ngumu kama kuni."

Radjabu akatoa hukumu: mwezi mmoja. Mihogo ikikataa tena, sufuria itang'olewa, na Mwasiti atafute riziki kwingine.

Mwasiti alilia, hilo halifichi. Kisha akakosea mara ya pili, akayaelekeza maji kwenye migomba yake mwenyewe. Majani yakageuka manjano na kukauka kingoni. Kijito kilikuwa kimeyakataa, sasa na udongo umeyakataa.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mwasiti akaamua kuyazoa kabla hayajamwagika. Yeye na wenzake walichimba shimo, wakalikandika udongo wa mfinyanzi, wakawasha moto ndani yake mpaka likawa gumu kama mtungi. Maji ya mabaki yakaingia humo, na upishi uliofuata wakayamimina juu ya majivu mapya badala ya kuteka mengine kijitoni. Sabuni ikaganda vilevile. Tena, kwa kuwa maji yalikuwa na chumvi tayari, ile ya Uvinza ikatosha nusu tu.

Hakuishia hapo. Vikonyo navyo sasa vinaanikwa vikauke kabisa ndipo vichomwe, na ule moshi mzito uliokuwa ukifukiza ndagala, dagaa wa majirani walioanikwa ufukweni, umebaki hadithi.

Mwezi ulipokatika, hakungoja kuitwa. Alimfuata Batuli nyumbani.

"Amahoro, mama. Niko naomba kikapu kimoja cha mihogo yako, nikiloweke pale chini ya mufereji wangu. Ikikataa, nitabeba sufuria mie mwenyewe."

"Mihogo yangu ninaloweka mwenyewe," Batuli akamjibu. "Na nitakaa nayo."

Akakaa kweli. Alitandika mkeka kando ya kijito, akawa anapika na kula palepale, asije mjanja akambadilishia kikapu. Habari zikafika mpaka kijiji cha Gatete, na asubuhi ya kukitoa kikapu watu walijaa kama kuna harusi. Mwasiti alisimama nyuma ya wote, mikono kichwani.

Batuli akatoa muhogo mmoja, akaubonyeza. Kidole gumba kikazama mpaka kwenye uzi wa katikati. Akaunusa, akampa Radjabu naye anuse. Ulikuwa umechacha sawasawa.

"Umelainika," Batuli akasema. "Sufuria ibaki."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika kwa wavuvi majini. Zuwena na Riziki walimwinua bibi yao juu juu, naye akicheka huku machozi yanamtoka, na kwa raha ile nani angemlaumu.

Sasa Mwasiti anataka kufungua kiwanda cha pili, kule Magara, ambako michikichi ni mingi na mihogo pia hulowekwa mtoni. Safari hii, anasema, shimo litachimbwa kwanza, sufuria itafuata.

Na atakayelisimamia shimo hilo ameshampata.

"Mama Batuli," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anaacha kukoroga. "Nilimuomba mwenyewe, akakubali. Yule, hata tone moja halitamupita."