Nyongeza ya Mama Skrubu

Jirani yangu tunamwita Mama Skrubu, na si kwa ubaya. Kazi yake ni kuwajibu wateja wa duka la samani lililo nchi ya mbali, duka ambalo hajawahi kulikanyaga. Watu wananunua kabati, linawafikia vipandevipande ndani ya boksi, wanashindwa kuliunga, wanaandika kwa hasira. Yeye yuko chumbani kwake, kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi, anawaelekeza kwa upole: skrubu fupi ni za mlango, ndefu ni za mgongo, usikaze kabla hujalisimamisha. Nguo zake mwenyewe zinaning'inia kwenye msumari. Mimi ni fundi cherehani, mlango wangu unatazamana na wake, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Tangu aanze kazi hiyo mshahara wake ulikuwa palepale. Hakuwahi kuulalamikia, isipokuwa kwangu. Halafu mama yake akafanyiwa upasuaji wa macho, akawa hawezi kuishi peke yake, na chumbani kwa bintiye hata godoro la ziada halikuwa na pa kulala. Chumba cha jirani kilikuwa wazi, lakini kinyozi alikuwa anakitolea macho, na mwenye nyumba alikwisha kusema mwezi ukiisha hamsubiri mtu. Bila nyongeza, mama angepelekwa kwa mjomba, nyumba ambayo hata mgeni wa siku moja huulizwa anaondoka lini.

"Si uombe," nikamwambia.

"Nitaanzaje, shoga? Watu wenyewe nawaona kwenye kioo tu."

Mumewe akadakia. Huyo ni shemeji yangu wa ujirani, tunamwita Soli, anauza viatu vya mitumba sokoni na kwa maneno hajambo.

"Biashara ni biashara. Taja mara mbili ya unachotaka. Atashusha, na wewe utashuka kidogo. Akikaza, unasema basi, unarudisha kiatu kwenye rundo, unamgeuzia mgongo. Atakuita mwenyewe."

"Mara mbili? Si atanicheka?"

"Akicheka ujue biashara imeanza."

Siku ya kikao chake cha kompyuta na Meneja wa duka tuliona aibu kwa ule msumari wa nguo, tukataka kuuficha kwa shuka jeupe. Ncha moja tuliifunga dirishani. Nyingine haikuwa na pa kufungwa, nikaishika mimi, mikono juu, kama ninayeibiwa. Soli alichuchumaa pembeni, mahali alipoweza kuiona sura ya Meneja bila yeye kuonekana. Lugha ya kazini kwa mkewe mimi naibahatisha. Soli haijui kabisa, lakini alituhakikishia kwamba mteja husomwa usoni.

Meneja akatokea, mwanamke wa makamo, kikombe mkononi. Salamu, habari za wateja, habari za hali ya hewa. Kisha Mama Skrubu akavuta pumzi, akataja. Mara mbili kamili.

Meneja akaandika kitu. Akanywa kidogo. Akatabasamu, akasema sawa.

Tukatazamana. Sawa? Sawa ya nini? Hajashusha, hajashtuka, hata kuguna hajaguna! Soli akakunja uso. Sokoni kwake mtu anayeikubali bei ya kwanza hanunui, anapita njia tu, anakuchezea akili. Akaanza kumpungia mkewe mkono: mgeuzie mgongo, mgeuzie! Mama Skrubu akamtazama mumewe, akamtazama Meneja, akanitazama mimi. Na mimi na shuka langu, ningesema nini?

"Basi, tuache tu," akamwambia Meneja kwa lugha yao, akaifunga kompyuta.

"Safi," Soli akasema. "Sasa hivi anapiga."

Hakupiga. Tulikaa tukiikodolea macho simu iliyokuwa juu ya kigoda mpaka mikono ikaacha kuniuma. Hapo ndipo nilipoanza kuchemka.

"Shemeji, sokoni ukimgeuzia mteja mgongo, anauona. Huyu ameona nini? Kioo cheusi. Atajuaje kama mnamngoja?"

Soli akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

Asubuhi wateja walimiminika kama kawaida. Mmoja kitanda chake kilikuwa kinayumba, mwingine alitaka kujua droo inaingilia wapi.

"Shoga, nimefukuzwa au sijafukuzwa?"

"Mtu aliyefukuzwa anapewa vitanda vya watu aviunge?" nikamjibu, ingawa hata mimi sikuwa na hakika.

Baadaye ukaingia ujumbe wa Meneja, akatusomea: "Jana ulisema tuache, kwa hiyo nimeuacha mshahara ulivyokuwa. Kama sikukuelewa, niambie kabla sijapeleka hesabu za mishahara mchana huu."

Soli akaruka. "Si nilisema! Anakuita huyo! Usigeuke haraka, mwache ahangaike."

"Anayehangaika hapa ni mama mkwe wako!" nikamfokea. "Hebu tuondolee viatu vyako hapa!"

Mama Skrubu hakumsikiliza yeyote kati yetu. Aliandika, akafuta, akaandika: samahani, nilichanganyikiwa, bado naomba kile nilichotaja jana. Jibu halikukawia. Sawa. Neno lilelile, bila hata salamu.

Tuliishi na hiyo sawa mpaka mwisho wa mwezi. Soli alisema ni dharau. Mimi nilisema ni ndiyo. Mwenyewe asubuhi aliamini, jioni akakata tamaa, na katikati ya hayo akamwahidi mwenye nyumba atakichukua chumba, roho ikiwa juu.

Mshahara ukaingia. Aliusoma ujumbe wa benki, akanipa simu niusome, nikampa Soli.

"Yote?" Soli akauliza.

"Yote."

"Bila kupunguza hata kidogo?" Akashika kichwa. "Huyo mama angekuja kwangu sokoni, ningekuwa tajiri."

Mama akaja, miwani myeusi usoni. Akakipapasa chumba chake ukuta kwa ukuta, akafika kitandani, akaketi.

"Mwanangu, uliwafanyia nini mpaka wakakubali?"

"Niliomba, mama. Wakasema sawa."

"Ukaomba tu?"

"Nikaomba tu."

Mama akafikiri. "Kumbe hizo pesa siku zote walikuwa nazo."

Nilidhani Mama Skrubu atacheka. Badala yake akakaa karibu na mama yake, machozi yakamtoka. Alikuwa na hasira, naijua hasira yake, ila hakujua amkasirikie nani.

Kompyuta ikalia chumba cha pili. Kuna mtu huko mbali kabati lilikuwa limemshinda. Nikainuka nimwitie, akanishika mkono.

"Kaa, shoga," akasema. "Mwache asubiri."