Kalamu Nyekundu ya Mama Daktari

Usaha haujawahi kunitia kichefuchefu. Kilichonitia kichefuchefu ni karatasi moja ya manila, na mwandiko uliokuwa juu yake ni wangu.

Ilikuwa miaka ile hospitali binafsi ziliporuhusiwa tena. Tulikuwa madaktari wachache tukisomea ubingwa wa upasuaji katika hospitali moja kubwa Mwanza. Mkuu wetu wa idara alishafungua kliniki yake mjini, na wodini alipita kama mtu anayekatisha uani kwa jirani. "Endeleeni, endeleeni," alisema, funguo za gari zikilia mkononi. Mafunzo yake yaliishia hapo.

Aliyetufundisha hasa alikuwa daktari mwingine, mama wa Kihaya aliyekaribia kustaafu, mfupi, mguuni raba nyeupe. Hakuturuhusu kusoma faili kabla ya kumsogelea mgonjwa. "Nusa kwanza," alituambia. "Faili linadanganya. Kidonda hakijui kudanganya."

Asubuhi moja alinisimamisha mbele ya mvuvi wa Nansio aliyefungwa plasta ngumu mguuni. Kwenye faili nilikuwa nimeandika kwamba anaendelea vizuri. Nikainama, nikanusa, nikajua nimekwisha. Tulipokata plasta funza walidondoka shukani. Mama Daktari hakunikaripia. Alinipa kibanio, akasimama bega kwa bega nami hadi nikamtoa funza wa mwisho, kisha akatoa kalamu nyekundu akalikata lile neno "vizuri". Mguu ulipona. Tangu siku hiyo nikaandika nilichokiona, au ndivyo nilivyojidanganya.

Baadaye wauza dawa fulani wakaleta wazo la kumtuza mwalimu bora wa madaktari, zawadi ikiwa saa ya ukutani. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono, mkuu mwenyewe akiwa amekaa mbele anatutazama. Nani angethubutu kumchagua mwingine? Kitabu changu cha mafunzo kilisubiri saini yake. Bila saini hiyo ningerudi Magu mikono mitupu, na baba yangu alishautangazia ukoo mzima kwamba mwanawe ni bingwa. Mwenye nguvu mpishe. Nikanyoosha mkono, na ulikuwa wa kwanza.

Kwa kuwa nina mwandiko mzuri, nikaagizwa kuandika sifa zake kwenye manila. Nilikaa na kalamu, sina la kuandika. Mtu huyu alinifundisha nini? Endeleeni? Basi nikaiba. Nikaandika kwamba hutufundisha kunusa kidonda kabla ya kusoma faili. Nikaandika habari za mvuvi na plasta. Nikaandika kwamba husimama bega kwa bega na mwanafunzi aliyekosea. Juu ya yote hayo nikaweka jina la mkuu, kwa herufi kubwa.

Siku ya sherehe tulikula minofu ya sangara, ile inayopelekwa Ulaya, huku nyuma ya wodi akina mama wakiwachemshia wagonjwa wao mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Sifa zikasomwa. Mkuu alisikiliza ameinamisha kichwa, akikitikisa polepole, kana kwamba anakumbuka. Alinichukiza yeye, na nilijichukiza mimi zaidi. Mama Daktari alikaa mstari wa nyuma na soda yake. Watu walipopiga makofi, naye alipiga.

Kesho yake mkuu akanitilia saini bila hata kufungua kurasa za ndani. Nikatoka na kitabu changu kwapani. Kwenye ubao wa matangazo, nje ya wodi, manila yangu ilikuwa imebandikwa, na mtu alikuwa ameipitia kwa kalamu nyekundu. Nilikoandika kwamba mvuvi alilala kitanda cha sita, pamekatwa, pakaandikwa cha tisa. Nilikoandika mguu wa kulia, pakaandikwa wa kushoto.

Jina lile juu hakuligusa.

Nilisimama pale. Saini nilishaipata, na kalamu nilikuwa nayo mfukoni. Nikatazama huku na huku, nikapita.