Mnyama Tuliyemzika Beechmont

Harufu ya nyama iliyooza huwachefua wengine. Mimi hunitoa machozi. Jana niliinusa nikitupa taka hapa Westerville ninakoishi sasa, nikabaki nimesimama na mfuko mkononi kama mjinga.

Nilikuwa na miaka tisa, mwaka wetu wa kwanza Louisville, mtaa wa Beechmont, tukiwa wakimbizi kutoka Kivu. Jumamosi moja asubuhi mbwa wa jirani alimtikisa mnyama nyuma ya nyumba yetu, kisha akamwacha. Mnyama huyo alikuwa yule ambaye wenyeji humwita posamu: mkubwa kama paka, mkia mtupu kama wa panya, na meno mengi kupita kiasi. Alilala ubavu, mdomo wazi, ulimi nje, ananuka kama aliyekufa juzi. Nilidhani mama ataniambia nimtupe pipani.

"Hapana. Mufu hatumuachake ku njia," aliniambia. "Furaha, mama, leta jembe."

Sikubisha. Tulipokimbia vita, mdogo wangu Baraka alilegea kwa homa mgongoni mwa mama. Watu wakasema amekwisha, twende. Mama akamlaza chini ya mgomba, akamfunika kitenge, basi. Tangu siku hiyo hakuwahi kumtaja.

Tulichimba. Mama aliimba wimbo mzima wa msiba, kwa mnyama ambaye hata jina lake hakulijua. Ningecheka, ila alikuwa analia. Nilipomlaza shimoni niliona tumbo lake likicheza kidogo, nikadhani ni upepo unaochezea manyoya, nikaanza kumfukia. Mchana huo mama alikula akashiba, akanisimulia jinsi Baraka alivyopenda ndizi.

Wiki iliyofuata mwalimu alitufundisha habari za posamu. Huwinda wadudu na panya. Magari, mbwa na baridi ndivyo vinavyommaliza. Akizidiwa na hofu huzimia, hutoa uvundo, hukaa hivyo hata saa kadhaa, kisha huamka akaenda zake. Na jike hubeba watoto katika mfuko wa tumboni.

Nilirudi nyumbani mbio, nikafukua. Alikuwa amejikunja kulizunguka tumbo lake, makucha yamejaa udongo.

"Unatafuta nini pale?" mama aliuliza kutoka dirishani.

"Ninapanda maua," nilijibu, nikamfukia tena.

Utotoni nilidhani nilinyamaza kwa kuogopa kuchapwa. Nilipojifungua mwanangu ndipo nilipoelewa. Siri hii nitakufa nayo, kwa sababu siku mama atakapojua kwamba aliyelala vile anaweza kuwa hai, hatamfikiria posamu. Atarudi chini ya ule mgomba.