Sinema Yangu Kwenye Mchanga wa Kilwa

Miaka ile ya ujamaa nilikabidhiwa gari la sinema la serikali, nikawa naendesha na kulala humohumo, najiona waziri. Mimi mtoto wa Tabora, Kilwa nikakuta uwanja wa mchanga mweupe, mpana, bahari iko mbali kabisa. Nikaegesha katikati, nikatundika shuka la picha.

Baada ya magharibi watu walifurika, lakini wakakaa mbali, kwenye mwinuko wenye minazi.

"Sogeeni, ndugu, msiogope mashine," niliwahimiza kwa kipaza sauti.

"Tunaona hapahapa, mjukuu wangu," bibi mmoja akajibu. "Bahari inarudi."

Nikacheka. Irudi? Kwani ilikuwa imekwenda wapi?

Picha iliponoga, maji yakanifika magotini. Hakuna aliyeitazama tena: kipaza sauti kilikuwa bado wazi, na kijiji kizima kilinisikia nikimlilia mama.